Nati ya shokapu inazunguka na bolti yake

Swali: Ninatengeneza RAV4 hapa Baraka. Kati ya nati tatu za juu ya shokapu ya mbele, moja haitoki; inazunguka pamoja na bolti yake. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu fundi, bolti hizo zimeshindiliwa katika kitako cha juu cha shokapu na kushikwa na meno madogo tu. Kutu ikikaza nati, nguvu ya spana hula meno hayo, na bolti hubaki ikizunguka bure. Matope ya barabara ya Uvira hadi Baraka huiongeza kutu hiyo.

Usizidishe nguvu. Sugua kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri. Kisha mwenzako aivute shokapu chini kwa nguvu ili meno yashike tena, nawe ufungue polepole. Ikikataa, kata nati kwa msumeno wa chuma au grainda, ukiwa umefunika paipu za breki na nyaya. Bolti iliyolegea usiichomelee kwenye kitako, mpira wake utaungua; nunua kitako kingine.

Nakuomba sana: nati ya katikati usiiguse kabla ya kubana springi kwa vibano vyake. Springi hiyo ikifyatuka inaweza kuua mtu.