Kahawa, Usingizi na Umeme wa Neva

Tangu unapoamka, ubongo wako unatumia nishati bila kupumzika, na katika kuitumia huzalisha kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho, ndivyo inavyozidi kujikusanya kati ya seli za neva. Usingizi unaokulemea usiku, kwa sehemu kubwa, ni kazi yake.

Seli ya neva hupeleka ujumbe kwa umeme. Ikitulia, upande wake wa ndani huwa hasi kuliko nje kwa milivolti 70 hivi. Tofauti hiyo ikipungua kufikia kiwango fulani, sodiamu yenye chaji chanya humiminika ndani, na mpigo wa umeme huondoka mbio. Adenosini haigusi umeme huo yenyewe. Hushika kipokezi kilicho kwenye utando wa seli. Kwa ndani, protini inayohudumia kipokezi hicho hugawanyika, na kipande chake kimoja huenda kufungua vinjia vya potasiamu. Potasiamu, nayo yenye chaji chanya, hutoka. Ndani hubaki hasi zaidi, na seli huwa ngumu kuamka. Kwenye ncha ya neva, kalsiamu inayoingia hupungua pia, kwa hiyo hata mpigo ukifika, seli jirani hupata ujumbe hafifu.

Kafeini ya kwenye kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu hufanana na adenosini kiasi cha kuingia kwenye kipokezi hichohicho, ila haiamshi chochote ndani. Ni kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake: kazi hafanyi, na mwenyewe hana pa kukaa. Neva zinaendelea kupiga, nawe unajiona umechangamka, huku adenosini ikizidi kurundikana. Kafeini ikiisha, uchovu wote unakushukia.

Ndugu madereva wa safari za usiku, tunawasihi: kikombe hakichukui nafasi ya usingizi. Ukianza kusinzia, egesha gari mahali salama ulale dakika 15 hadi 20. Ukitaka kahawa, inywe kabla ya kujilaza, maana huchukua muda kama huo kuanza kufanya kazi.

Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huwa ingali mwilini baada ya saa tano hivi. Kahawa ya saa kumi jioni bado inakunyima usingizi saa tatu usiku. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, na hapo chai na soda za kola nazo zinahesabiwa.