Kutoka Saluni Hadi Mbele ya Kamera: Somo kwa Wasusi wa Lodwar na Kakuma

Kakuma imetoa sura zinazojulikana duniani. Halima Aden alizaliwa kambini mwaka 1997. Adut Akech aliishi hapo utotoni kabla ya kuhamia Australia, na mwaka 2019 akatunukiwa Mwanamitindo wa Mwaka katika British Fashion Awards jijini London. Lakini nyuma ya kila picha ya mwanamitindo kuna mtu asiyeonekana: yule aliyesimama na kitana mkononi tangu alfajiri. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Leo tuone jinsi msusi anavyoingia kwenye kazi ya picha na mitindo, na jinsi ya kuhakikisha kazi hiyo haikuachi na deni.

1. Saluni ni tofauti na kamera

Mteja wa saluni anataka nywele zikae wiki tatu. Mpiga picha anataka zikae saa tatu tu, lakini kamera yake haisamehe. Inaona jeli iliyokauka ikawa nyeupe pembeni, pini inayochungulia, na rasta za bei ya chini zinazong'aa kama plastiki flashi ikiwaka. Ongeza upepo na vumbi letu la Turkana, halafu jizoeze haya:

- Suka siku moja kabla. Msuko wa saa sita hauanzwi asubuhi ya kazi. Wapiga picha wengi hupenda mwanga wa mapema, jua likiwa bado la upole.
- Piga picha kwa simu yako ukimaliza: mbele, nyuma na pande zote mbili. Upepo ukiharibu, utajua mtindo ulikuwaje.
- Panga mfuko wako: kitana cha mkia, vibanio, pini nyeusi, uzi, wavu wa nywele, chupa ya kunyunyizia maji, kioo cha mkono na taulo safi. Osha vitana kabla ya kumhudumia mtu mwingine.
- Usiondoke. Kazi yako haijaisha picha ya kwanza ikipigwa. Simama karibu, angalia, rekebisha.

2. Anza na unachokijua

Hauhitaji kuiga mitindo ya Nairobi. Wanawake wa Kiturkana wana mtindo wao wa kunyoa pembeni na kuacha misuko katikati. Kakuma nayo ina wasusi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia, wote soko moja. Ujuzi huo stailisti wa mbali hana.

Ila uliza kwanza. Shanga na mapambo ya Kiturkana husema jambo kuhusu umri na ndoa ya mwanamke. Muulize mama anayejua kabla ya kumvalisha msichana yeyote ili upate picha kali.

Kisha tengeneza albamu ya kazi zako. Tafuta mpiga picha wa harusi, fundi wa nguo na rafiki mmoja wa kuwa mwanamitindo. Kila mtu alete kazi yake, mgawane picha. Mitindo mitatu mizuri inatosha kuanzia. Kubalianeni mapema picha ngapi utapata, lini, na kwamba jina lako litaandikwa kila zikiwekwa mtandaoni. Mwanamitindo akubali picha zake zitumike. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi ndiye aamue.

Pa kuonekana papo: harusi, mahafali, na tamasha la Tobong'u Lore hapa Lodwar, ambako wapiga picha wengi hufika. Kumbuka pia vibali. Kupiga picha kambini kunahitaji ruhusa ya Idara ya Huduma za Wakimbizi. Na ukiwa mkimbizi wa Kakuma uliyepata kazi Lodwar, shughulikia kibali cha kusafiri mapema, kabla ya kumpa mteja tarehe.

3. Piga hesabu kabla ya kusema ndiyo

Hapa ndipo wengi huumia. Tuseme unatoka Kakuma kwenda Lodwar, karibu kilomita 120, kwa kazi ya siku moja. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako:

- Rasta na vifaa: 1,500
- Nauli kwenda na kurudi: 1,200
- Chakula: 300
- Msaidizi: 1,000
- Mapato ya saluni uliyofunga siku hiyo: 2,500

Jumla ni shilingi 6,500, na bado hujalipwa ujuzi wako. Mtu akikuambia "nitakupa 5,000 na utapata jina", wewe ndiye unamlipa yeye. Ongeza 2,500 ya ujuzi, bei yako iwe 9,000. Omba nusu mapema, yaani 4,500. Hiyo inafunika zile 4,000 zitakazotoka mfukoni mwako siku ya kazi.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliripoti kuhusu vijana wa Kakuma waliopelekwa Ulaya kufanya kazi ya uanamitindo, na baadhi wakarudi kambini wakiambiwa wanadaiwa maelfu ya euro za gharama. Msusi naye ajifunze hapo: jua nani analipa nini *kabla* ya safari, na usiweke sahihi kwenye karatasi usiyoielewa.

Andika makubaliano hata kwa WhatsApp. Kwa mfano:

*"Habari yako ndugu. Nimekubali kazi ya Jumamosi Lodwar, wanamitindo wawili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Bei ni 9,000. Naomba depoziti ya 4,500 kufikia Jumatano ndipo ninunue rasta. Salio nilipwe siku hiyo hiyo kabla sijaondoka. Picha zikitumika, jina langu liandikwe. Ukikubali nijibu 'sawa'. Asante."*

Hiyo si kiburi. Ni biashara.

4. Linda pesa yako kwenye simu

- Pokea malipo ya kazi kwenye Till ya biashara, si kwa namba unayotumiwa pesa za nyumbani. Mwisho wa mwezi utaona kazi imeingiza ngapi, na ukiomba mkopo una rekodi ya kuonyesha.
- Usiamini picha ya ujumbe wa malipo. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kununua rasta au kupanda gari.
- Kazi halali haikuombi ada. Anayetaka "pesa ya usajili" ili akuunganishe na kampuni ya mitindo, achana naye. PIN yako haimhusu mtu yeyote.
- Akisema ametuma kwa makosa, usimrudishie haraka haraka. Hakikisha pesa imeingia kweli, kisha mwambie apitie huduma kwa wateja.

Kazi ya wiki hii

Chagua mtindo mmoja unaousuka vizuri kuliko wote mtaani kwako. Usuke, upige picha pande nne kwenye kivuli chenye mwanga mzuri, uweke kwenye Status na jina lako. Halafu kaa chini na kalamu uandike bei yako ya siku nzima. Simu ikilia, usianze kuhesabu ukiwa kwenye laini. Uwe unajua tayari.