Dondoo muhimu: Kuchagua shanta la safari nyepesi

Msafiri aendaye Kasulu hadi Kibondo na mzigo hafifu, asiyependa kumngoja utingo kila kituo, na ayazingatie haya kabla ya kutoa fedha yake:

1. Chagua shanta la lita 30 au pungufu, likae mapajani. Likizidi hutiwa kwenye buti, baina ya vumbi jekundu na madumu ya mawese.
2. Jaribu zipu penye kona, kwani wengi huhadaika na rangi wakasahau kuikagua.
3. Vuta mikanda kwa nguvu. La mtumba lililoshonwa mara mbili ni bora, kwa rai yangu, kuliko jipya ling'aalo.
4. Kwa mvua za Novemba hadi Aprili, chukua kipande cha turubai, maadamu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 2019.
5. Bakiza nafasi ya sweta.