Herufi Nyembamba na Suala la Israfu

Katika kikao cha wahariri, ndugu mmoja alipendekeza jarida letu lichapwe kwa herufi nyembamba ili tupunguze israfu. Nilimuunga mkono papo hapo. Baadaye nikakaa na kikokotoo.

Pendekezo hilo si geni. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Wisconsin–Green Bay, Marekani, kiliacha Arial katika barua pepe zake kikachukua Century Gothic, inayotumia wino pungufu kwa asilimia 30 hivi. Lakini herufi hizo ni pana. Waraka ukiongezeka karatasi moja, faida imekwisha. Mwaka 2014 mwanafunzi wa miaka 14 kutoka Pittsburgh aliishauri serikali ya nchi hiyo itumie Garamond. Wataalamu wa herufi wakajibu kwamba Garamond hula wino mchache kwa kuwa ni ndogo kwa kipimo kilekile. Ukiikuza isomeke sawa, sehemu kubwa ya akiba inayeyuka.

Tupime letu. Karatasi ya A4 ya kawaida ina gramu 5 hivi. Tona ya ukurasa wa maandishi haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Na karatasi ndiyo inayokula miti, maji na umeme kiwandani. (Kasha la tona ni plastiki, kweli, lakini kulijaza tena kunasaidia kuliko kukondesha herufi.)

Toleo lililopita lilikuwa na kurasa 24, yaani karatasi 6 zilizokunjwa. Nakala 300 ni karatasi 1,800, kilo 9. Tukibana pambizo tufike kurasa 20, tunaokoa karatasi 300. Kisha nikafungua kabati la musalla: nakala 80 hazijaguswa. Karatasi 480! Hapo niliona aibu, maana zina aya za Qur'ani. Haziwezi kwenda kufungia roleksi hapo getini. Itabidi tuzizike au tuzichome kwa heshima, kama Khalifa Uthman (r.a.) alivyoamuru misahafu mingine ichomwe.

Je, herufi nyembamba ni kazi bure? Sisemi hivyo. Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27, haikuweka kiwango ambacho chini yake ubadhirifu unaruhusiwa. Ninachoogopa ni tubadili herufi, tujione tumemaliza, na kabati liendelee kujaa.

Toleo hili lina kurasa 20, nakala 220, herufi zilezile. Ukimaliza kulisoma, mpe mwenzako wa chumbani.