Pesa ya Kuokota Ina Mwenyewe

Somo la wiki. Maandiko: Kumbukumbu la Torati 22:1-3, Mwanzo 42:25 hadi 43:23, Mambo ya Walawi 6:1-7



Kuna watu hudhani Biblia haina la kusema kuhusu mtu aliyeokota pesa njiani. Iko na mengi. Musa anaanza na ng'ombe na kondoo, maana hiyo ndiyo ilikuwa benki ya watu wake, na sisi watu wa Ukambani hatuhitaji kufafanuliwa hapo. Ukimwona ng'ombe wa ndugu yako amepotea, mrudishe. Kama ndugu huyo anakaa mbali, au humjui, mpeleke ng'ombe nyumbani kwako, akae kwako mpaka mwenyewe aje kumtafuta, kisha umpe. Halafu Musa anaongeza punda, anaongeza vazi, na mwishowe anafagia vyote: kitu chochote kilichompotea ndugu yako nawe ukakiona. Hata wewe uliyekuwa unafikiria kupita tu, umefungiwa mlango. Huna ruhusa ya kujifanya hukuona.

Mimi nataka tusimame kwa hilo neno kwamba humjui. Sisi husema, sijui ni ya nani, basi ni yangu. Musa anasema hujui ni ya nani, basi itunze. Kwa hivyo kutomjua mwenyewe hakukufanyi tajiri. Kunakufanya mlinzi, tena mlinzi asiye na mshahara.

Nafundisha haya kwa sababu ya swali nililoulizwa baada ya ibada ya katikati ya wiki. Kijana mmoja wa bodaboda, mshirika wetu, alinivuta kando. Jioni ya siku ya soko hapa Kola aliokota pesa nyingi. Kiasi sitaandika, wala jinsi ilivyofungwa, wala ni upande gani wa barabara, na mbele mtaona sababu. Tosha niseme kwamba ingelipa karo ya mtoto wake mpaka amalize Fomu Nne na bado abaki na ya kununua pikipiki nyingine. Mtoto mwenyewe alikuwa nyumbani wiki ya pili, amerudishwa kwa ajili ya karo. Kijana alikuwa amekaa na hiyo pesa siku tatu na mke wake hajui.

Akaniambia, "Pasta, nimeomba karo tangu Januari. Nimefunga. Nimetoa mbegu. Sasa nitajuaje kama hili si jibu langu?"

Hilo si swali la mwizi, maana mwizi hamuulizi pasta. Ni swali la mtu aliyeomba kwa imani, na sisi tunaohubiri muujiza kila Jumapili tuna deni la kumjibu vizuri. Nilimfungulia Mwanzo 42.

Ndugu zake Yusufu walikuwa na njaa nyumbani. Walienda Misri wakanunua nafaka kwa pesa yao halali. Njiani, mmoja akafungua gunia ampe punda wake chakula, akakuta pesa iko juu pale. Walipofika kwa baba yao, kila mmoja akakuta yake. Sasa, kama kuna watu wangeweza kusema Mungu ametukumbuka, ni hawa. Njaa ilikuwa kali, watoto walikuwa wengi, na hakuna mtu aliyekuwa anawafuata nyuma akidai. Lakini soma walivyofanya. Mioyo yao ilizimia. Walitetemeka wakiulizana Mungu amewatendea nini. Na mzee Yakobo, safari ya pili ilipofika, aliwaambia wabebe pesa maradufu, ile ya kununulia na ile iliyopatikana, maana huenda ilikuwa makosa ya mtu fulani.

Walipofika hawakungoja kuulizwa. Pale mlangoni kwa Yusufu walimwendea msimamizi wa nyumba, wakamweleza mambo yote, na pesa ikiwa mkononi. Hapo ndipo msimamizi anawajibu neno la ajabu: wasiogope, Mungu wao ndiye aliyewapa hazina katika magunia, na pesa yao yeye aliipokea.

Mmeona hilo neno limetoka kwa nani? Neno kwamba Mungu ndiye ametoa limetoka upande wa mwenye mali. Walioiokota hawakulisema, na hata lilipokuja liliwakuta tayari wameirudisha. Mtu wa bodaboda hawezi kujisemea "Mungu amenipa" akiwa amefunga mlango usiku anahesabu. Mwenyewe akipatikana, akaona pesa yake, akatoa sehemu akasema, ndugu, Mungu akubariki, chukua hii ulipe karo, hapo nitapiga makofi na kanisa lote litapiga. Hilo litakuwa jibu la maombi. Kabla ya hapo ni pesa ya mama fulani aliyeuza mbuzi zake, au ya kikundi, au ya mtu anayekimbiza mgonjwa hospitali. Na huyo naye huenda yuko kwa magoti usiku huo huo, anaomba ipatikane. Mungu mmoja anasikia maombi mawili juu ya mfuko mmoja.

Niseme kitu kuhusu fungu la kumi, maana najua mawazo yanavyokimbia. Mtu husema nitatoa sehemu ya Bwana, iliyobaki itakuwa imetakaswa. Walawi 6 imeshughulikia hilo. Inamtaja waziwazi mtu aliyeokota kilichopotea kisha akakana, na inaliita kosa juu ya Bwana mwenyewe, ingawa mali ni ya jirani. Dawa yake iko na mpangilio: kwanza arudishe kitu kizima, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe. Ni baada ya hapo ndipo analeta kondoo dume wake kwa kuhani. Jirani anatangulia, madhabahu inafuata. Kwa hivyo wapendwa, pesa ya kuokota msiilete kwa kikapu cha sadaka, na kama mimi au mhudumu mwingine yeyote atakubali kuipokea kimyakimya, mtuulize.

Serikali nayo haiko mbali na Musa. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ndicho kinachoeleza wizi ni nini. Kinasema aliyeokota kitu akakifanya chake hahesabiwi kuwa na nia ya ulaghai ikiwa wakati huo hamjui mwenyewe, na anaamini, kwa sababu za maana, kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Hayo maneno "kwa sababu za maana" yana uzito. Ukiokota pesa kando ya soko, siku ya soko, na hujamuuliza mtu hata mmoja, unaamini kwa sababu gani kwamba mwenyewe hapatikani? Kifungu hicho hicho kinagusa ule ujanja wetu wa kusema nitakopa kidogo nilipe karo, halafu nirudishe mwisho wa mwezi. Kuchukua pesa ya mtu kwa nia ya kuitumia upendavyo ni ulaghai hata kama unakusudia kuilipa baadaye.

Huku kwetu kuna sababu nyingine inayofanya watu warudishe vitu, na ni lazima niitaje. Ni kuogopa kamuti. Mtu akipotelewa anatangaza kwamba ataenda kwa mganga, au ataapisha watu kithitu, na kabla wiki haijaisha kitu kimeachwa mlangoni usiku. Nafurahi kitu kimerudi. Lakini mtu aliyeokoka akirudisha kwa sababu hiyo, ameonyesha ni nani anayemwogopa kweli. Tena kuna wale hawaogopi kamuti, wakaona basi hakuna mwingine wa kuogopa. Hao nao wasome Walawi 6 tena.

Sasa tufike kwa matendo, maana kijana aliniuliza, "Sawa Pasta, nirudishe kwa nani?"

Kwanza, mwambie mtu mmoja leo. Wale wakoma wanne wa 2 Wafalme 7 waliingia kambi ya Washami, wakala, wakachukua fedha na dhahabu wakaficha, wakarudi wakachukua kwenye hema la pili wakaficha pia. Kisha wakaambiana kwamba hawafanyi vema, na kwamba wakingoja mpaka kupambazuke watapatwa na ubaya. Ile ilikuwa nyara ya vita, si mali ya jirani, lakini wao walijua siri haifai kulala. Pesa iliyofichwa usiku mmoja inaanza kupangiwa kazi. Siku ya tatu tayari una orodha. Kwa hivyo kijana alianza kwa kumwambia mke wake usiku huo, na nilimwambia hapo ndipo alipookoka mara ya pili.

Pili, ihesabiwe mbele ya mashahidi, iandikwe, na ipelekwe kituo cha polisi. Nasikia wengine mnacheka. Mnasema ukipeleka huko italiwa, au utaulizwa zingine uliweka wapi. Hofu hiyo siidharau. Ndiyo maana haendi mtu peke yake. Alienda na mzee wa kanisa na mzee wa kijiji, kiasi kikaandikwa kwa kitabu cha matukio, wakaomba namba ya OB, na kila mmoja akabaki na nakala ya hesabu yenye sahihi. Mkiwa watatu wenye karatasi, mambo huenda tofauti na ukiwa mmoja mwenye mfuko.

Tatu ni kutangaza, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukitangaza kwamba umeokota elfu kadhaa kwenye leso nyekundu, kesho utakuwa na wenyewe kumi. Tangaza kwamba pesa imeokotwa, basi. Anayeidai ndiye aseme ni ngapi, ni noti gani, imefungwa kwa nini, ilipotelea wapi na saa ngapi. Ndiyo maana sijaandika. Kama ni wewe, au unamjua mtu aliyelia siku ya soko, njoo ofisini kabla ya Jumapili useme.

Na tuwe macho. Si kila pesa iliyo chini imepotea. Kuna matapeli, hasa kwenye stendi za magari mjini, ambao mmoja anaangusha bahasha mbele yako, wa pili anaiokota pamoja nawe na kukunong'oneza mgawane. Mkienda pembeni, mwenyewe anatokea na hasira, anataka kuwapekua, na mwisho ni pesa yako na simu yako ndizo zimeenda. Ndani ya bahasha ni magazeti yaliyokatwa. Ule mchezo hauwezi kumpata mtu asiyetaka kugawana.

Ya M-Pesa ni hivyo hivyo. Ukiingiziwa pesa usiyoijua, angalia salio kwanza, maana kuna jumbe za uongo. Kama imeingia kweli, usiitumie, na pia usiirudishe kwa namba nyingine unayotajiwa na mtu anayelia kwa simu. Mwambie aliyetuma apeleke ule ujumbe kwa 456, kampuni ibatilishe. Wewe kazi yako ni kuiacha ikae.

Kuna habari ya kijana wa Liberia, Emmanuel Tuloe, naye alikuwa wa bodaboda kama wetu. Mwaka 2021, akiwa na miaka 18, aliokota dola 50,000 za Marekani kando ya barabara, akampa shangazi yake amtunzie. Mwenyewe aliposikika redioni akililia pesa yake, kijana akajitokeza akairudisha. Wenzake walimcheka, wakasema atakufa maskini. Rais George Weah alimwita akampa zawadi, na akarudi shule. Ni habari nzuri na ni ya kweli, lakini mimi huisimulia kwa tahadhari. Wengi watakaorudisha hawataitwa Ikulu. Watapewa asante na soda, na wengine hata soda hawataiona. Ukirudisha ukiwa unamngoja rais, utakasirika.

Itakuwaje basi mwenyewe asipopatikana kabisa? Musa aliweka muda wazi: mpaka atakapoitafuta. Yeye hakutaja siku thelathini. Hesabu 5:8 inazungumzia hali ambapo hakuna mtu wala jamaa wa kulipwa, na hapo malipo yanakuwa ya Bwana, kwa kuhani. Kuna makanisa hukimbilia mstari huo haraka sana. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho, baada ya kutafuta kuisha, na kwa sasa pesa ya kijana wetu iko chini ya namba ya OB na bado tunatafuta. Karo ya mtoto bado haijalipwa. Idara ya akina baba imeanza mchango, na daftari liko kwa mweka hazina. Aliyeomba tangu Januari asije akajibiwa na mfuko wa mtu mwingine wakati sisi tupo.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, someni Mwanzo 43:18-23 kwa sauti, kisha kila mmoja aseme angemwambia nani kwanza, na kabla ya saa ngapi. Na kama kuna mtu ana jembe la jirani aliloazima tangu mvua ya Novemba, aje nalo.