SOMO LA MAMBO YAWAPONZAYO VIJANA WA SKULI, NA YAPASAYO KUJULIWA NA BABA ZAO

Mwana akisha kubaleghe kalamu humwandikia mema yake na maovu yake. Jambo hili hapana Muislamu asiyelijua. Walakini baba wengi wa pwani, mwana akisha kufika umri huo, hawamwambii neno lo lote juu ya mabadiliko yaliyoupata mwili wake. Baba humwachia mwalimu wa skuli. Mwalimu huona aibu akamwachia mama. Mama husema kazi hiyo ni ya somo. Na somo wa siku hizi, katika miji iliyo mingi, huitwa siku ya harusi tu. Basi mwana hufundishwa na wenziwe njiani, na simu iliyo mkononi mwake ikamtimizia yaliyosalia.

Wenye kunyamaza hudai kuwa wanyamaza kwa ajili ya dini. Hoja hii ni dhaifu. Safinatun-Najah, kitabu kidogo kisomwacho na watoto katika vyuo vya pwani, hutaja karibu na mwanzo wake alama za kubaleghe, nazo ni kutimiza miaka 15, kuota, na hedhi. Kisha hutaja mambo yapasayo kuoga. Mtoto huyasoma hayo kwa sauti mbele ya mwalimu wake, wala hapana ashitukaye. Akirudi nyumbani akauliza maana yake hukemewa. Na Ummu Sulaim alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwuliza waziwazi juu ya mwanamke aotaye usingizini; naye alimjibu waziwazi, wala hakumfukuza. Staha ya kumnyima mwana elimu ya mwili wake, basi, haikutoka katika vitabu.

Na hatari yenyewe si ndogo. Ukimwi ulijulikana Tanzania bara mwaka 1983, huko Kagera, na Zanzibar mwaka 1986. Mwenye virusi vyake aweza kukaa miaka mingi hali mwili wake u mnene na uso wake wang'aa. Hapana ajuaye illa kwa kupimwa. Dawa zake zipo, na mwenye kuzimeza kila siku huishi kama watu wengine, na virusi vyake vikishuka hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Tena, mwana aliyenajisiwa akifikishwa hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, hupewa dawa ya kumkinga. Baba wengi hupoteza saa hizo katika vikao vya ukoo.

Lakini yako maradhi mengine yasiyotajwa sana, nayo huvunja nyumba kimyakimya. Kisonono, na ugonjwa uitwao klamidia, mara nyingi hukaa katika tumbo la msichana bila ya maumivu wala usaha uonekanao, vikaziharibu njia za uzazi. Akaolewa kwa ngoma na vifijo, akakaa miaka mitano hana mtoto, mume akamwacha, na jamaa wakasema amerogwa. Laiti angalipimwa mapema, dawa yake ni vidonge tu, au sindano. Na msichana achukuaye mimba kabla ya nyonga zake kukomaa aweza kushikwa na uchungu siku mbili tatu mtoto asitoke, kisha akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila ya hiari yake.

Sasa ni lipi liwatialo vijana katika hayo? Wengi hujibu: ni mavazi, ni sinema, ni simu. Upo ukweli ndani yake. Illa jawabu hili lina raha moja kwa asemaye, kuwa halimgusi yeye.

Katika mkoa wa Mwanza, tangu mwisho wa miaka ya 1990, ilifanywa kazi kubwa iliyoitwa MEMA kwa Vijana. Zilitwaliwa jumuiya 20 za vijijini, na katika nusu yao watoto wa darasa la 5 hata la 7 wakafundishwa habari za maradhi haya kwa bidii, na zahanati zikafunzwa kuwapokea vijana kwa upole. Watafiti waliporudi kupima, mwaka 2007 na 2008, waliofundishwa walikuwa wakijua zaidi kuliko wenziwao. Lakini virusi vya ukimwi havikuwa vichache kwao. Kwa nini? Kwa sababu mafunzo yaliingia katika masikio ya mtoto, na umasikini wake, na njia yake, na mtu mzima amngojeaye njiani, vyote vikabaki kama vilivyokuwa.

Na lijuwe kila mzazi lililoonekana magharibi ya Kenya mwaka 2004. Wasichana wa darasa la 8 katika skuli 71 waliambiwa jambo moja tu, kwa muda wa dakika 40: kuwa wanaume watu wazima wana virusi kwa wingi kuliko vijana wa rika lao. Hawakuambiwa zaidi ya hilo. Katika mwaka mmoja mimba zao zilipungua kwa 28 katika mia, na zilizopungua hasa ni zile za watu wazima. Na katika nchi hiyo hiyo, watoto wa darasa la 6 waliopewa sare za skuli bure walidumu masomoni kuliko wengine, na wasichana miongoni mwao wakapata mimba na ndoa za mapema kwa uchache. Kanzu ya skuli ilifanya kazi ambayo mawaidha mengi hayakuifanya.

Mtu mzima huyu si mgeni. Ni mwenye duka amkopeshaye msichana mkate na chumvi. Ni mwendesha bodaboda ampakiaye kila asubuhi kwa deni, kwani skuli ya sekondari ipo mbali na nauli haikutolewa nyumbani. Ni mwalimu ashikaye maksi zake. Pengine husali safu moja na baba wa mtoto. Baba hutoa fedha ya mchele, na ya mafuta, na ya samaki, asikumbuke kuwa binti yake ahitaji kitambaa cha hedhi kila mwezi, na binti aona aibu kumwambia. Hiyo fedha ndogo ataitafuta kwa nani? Baba ahesabuye matumizi ya mwezi ni haki yake aiandike nauli, na aliandike na hilo.

Ngoma za usiku pia zina sehemu yao. Kilifi na Kwale wazee na serikali wamepigana na disko matanga mara nyingi, na huku Dar es Salaam vigodoro vina sifa ya namna ile ile. Watoto hutoka saa mbili wakarudi alfajiri, na kila mmoja nyumbani adhani yuko na mwenziwe.

Wana wa kiume husahauliwa kabisa katika mazungumzo haya. Baba humlinda binti kwa kufuli, na mwana wa kiume akamwacha barazani hata usiku wa manane. Naye hutiwa katika bangi na unga, na pengine hunajisiwa na mtu mzima, kisha hanena, kwa kuwa amefundishwa kuwa mwanamume halii. Aibu hii imewaficha wakosaji wengi, wawe walimu wa skuli au wa vyuo, kuliko hila yo yote waliyoitunga wenyewe.

Sheria za serikali si laini. Tanzania, tangu mwaka 1998, mwenye kumwingilia msichana asiyetimiza miaka 18 ambaye si mkewe amefanya kosa la kunajisi, na mwaka 2016 ikaongezwa kuwa mwenye kumpa mimba mwanafunzi hufungwa miaka 30. Kenya, sheria ya mwaka 2006 yampa kifungo cha maisha mwenye kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, na miaka 20 au zaidi kwa mtoto wa 12 hata 15. Lakini mashitaka mengi hayafiki mahakamani, kwa kuwa mambo huishiwa nyumbani. Huja wazee wawili na bahasha, husomwa fatiha, na mtoto huozwa yule yule aliyemharibu ili watu wasiseme. Waliokaa katika kikao kile hurudi makwao wakidhani wamesitiri. Na aliyesitiriwa ni mwanamume.

Msichana aliyezaa, je, masomo yake yamekwisha? La. Kenya ilitoa ruhusa ya kurudi skuli tangu mwaka 1994, na Zanzibar mwaka 2010. Tanzania bara ilikataza kwa ukali, na mwaka 2017 rais wa wakati huo alisema wazi kuwa hatarudi hata mmoja. Kisha katika Novemba 2021 zuio hilo likaondolewa. Kwa hiyo baba amwambiaye bintiye kuwa serikali imemfungia mlango asema lisilokuwapo tena.

Limebaki la chanjo. Saratani ya shingo ya kizazi hutokana na kirusi kiitwacho HPV, kipitacho kwa tendo la kujamiiana, na chanjo yake hutolewa bure kwa wasichana, Tanzania tangu mwaka 2018 na Kenya tangu 2019. Uvumi ulienea kuwa yafunga uzazi, nao ni uongo mtupu. Wengine hukataa wakisema binti yao ana adabu zake, wakasahau kuwa mke mtulivu asiyemjua mwanamume mwingine aweza kukipata kirusi hicho kwa mumewe. Sindano hupigwa mkononi, nayo yapasa kutangulia ndoa kwa miaka, kwani kirusi kikisha kuingia chanjo haikitoi.