Samaki wa Dimbwi Linalokauka
Somo kwa vikundi vya kujitegemea, Biliqo na majirani



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mbuzi, kuku, choo cha shimo na daftari la akiba. Leo somo ni samaki, tena wadogo ambao ukiwapika sufuria nzima hawamshibishi paka. Najua Waborana wengi hawana haja na samaki, na kuna mzee atakunja uso akisikia. Someni tu. Kuna jambo ambalo kikundi kinaweza kuliamua kwa haraka siku moja baada ya mvua, na likishafanyika halirudi nyuma.

Jambo lenyewe ni hili. Mvua ya Ganna ikinyesha vizuri, madimbwi yanajaa, na mbu nao wanajaa. Hapo hakosi mtu wa kusema: "Mbona tusilete wale samaki wadogo wa mjini wanaokula viluwiluwi? Wanaongezeka upesi, hata mayai hawatagi, wanazaa watoto hai." Nia yake ni njema. Lakini kabla hamjainua mikono kukubali, hebu tuwajue kwanza hao wageni, halafu tuwajue wenyeji.

Wageni wanaozaa watoto hai

Samaki wengi hutaga mayai. Wako wachache ambao jike hubeba mayai tumboni mpaka watoto wakomae humo humo, kisha huwazaa wakiwa tayari wanaogelea. Anayejulikana zaidi ni gapi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa Venezuela na kisiwa cha Trinidad. Dume ana mkia wa rangi rangi, jike ni mkubwa zaidi na hana urembo. Mimba huchukua kama wiki 4. Jike aliyepandwa mara moja anaweza kuzaa mara kadhaa bila kuona dume tena, kwa sababu huweka mbegu akiba mwilini. Mwenzake ni gambusia, kutoka kusini mwa Marekani na Meksiko. Katika karne ya 20 hawa wawili walisambazwa sehemu nyingi za dunia ili wapigane na mbu, na gapi alifika hata Afrika Mashariki.

Ndani ya tangi la kioo nyumbani, gapi hana matata. Dume 1 kwa majike 2 au 3, majani mengi ya majini ili watoto wajifiche (mama mwenyewe huwala!), chakula kidogo kidogo, basi. Shida inaanza akimwagwa porini. Gambusia ndiye mkorofi zaidi: hung'ata mapezi ya samaki wengine, hula mayai yao na watoto wao. Shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, limemtia katika orodha ya viumbe wageni 100 walio wabaya zaidi duniani. Na sisi Wakenya tunayo historia yetu. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Biashara ilikuwa kubwa, hilo hatukatai, lakini mamia ya aina za samaki wadogo wa ziwa lile zilipungua au zikatoweka kabisa.

Si kwamba kila samaki anayezaa watoto hai ni adui. Kule Meksiko, katika mto Teuchitlán, kulikuwa na kasamaki kadogo ka namna hiyo, kanaitwa Zoogoneticus tequila, ambako hakako mahali pengine popote. Maji yalichafuliwa, samaki wageni wakaletwa, na kakatoweka mtoni. Kaliponea nyumbani kwa watu! Wapenda samaki wa Ulaya walikuwa wamekafuga katika matangi yao. Mwaka 1998 bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, ilipeleka jozi 5 kwenye chuo kikuu cha Michoacán, Meksiko. Walizalishwa huko kwa miaka, wakazoezwa kwenye mabwawa, na hatimaye samaki wapatao 1,500 wakarudishwa katika maji yao. Mwaka 2021 ilitangazwa kuwa wameshika mizizi tena. Angalieni kwamba tangi lilikuwa ghala la akiba tu. Makao yake ni ule mto, na watoto wa shule za pale ndio waliofundishwa kuulinda.

Wenyeji wanaolala udongoni

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1992 wataalamu wawili, Wildekamp na Haas, walieleza kwa mara ya kwanza kisayansi aina ya samaki waliyoipa jina Nothobranchius bojiensis. Hilo neno la mwisho linatokana na Boji, nyanda za Boji upande wa Garba Tula, hapa hapa Isiolo, katika bonde la Ewaso Nyiro wetu. Hajulikani kuwa nje ya Kenya. Ana ndugu wengi katika madimbwi ya msimu kuanzia Somalia mpaka kusini mwa Afrika. Mmoja ni wa Unguja, aliandikwa mwaka 1893, naye anafugwa majumbani Ulaya na Marekani kwa sababu ya uzuri wa dume lake. Kwa ukoo wao wote dume ana rangi za kupendeza, jike ni wa kijivu au kahawia, na urefu ni kama wa kidole kidogo.

Huyu hazai watoto hai. Yeye ana ujanja mwingine, na kwa maoni yangu unaushinda ule wa gapi. Anaishi katika dimbwi ambalo lazima likauke. Maji yakija, mayai yaliyolala udongoni huanguliwa kwa muda wa saa chache. Watoto hukua mbio mbio, na baada ya wiki chache tu wameanza kutaga. Jike hutaga karibu kila siku, anayazika mayai kwenye matope yai moja moja, kila moja kama milimita 1. Halafu Bona inafika, dimbwi linakauka, samaki wote wanakufa. Ng'ombe wanapita juu, udongo unapasuka, jua linachoma, na yai limelala ndani, limefunga uhai wake kama mtu aliyefunga duka.

Na hayaanguliwi yote pamoja. Mvua ya kwanza ikija, mengine huamka, mengine hukataa. Ikiwa ni mvua ya uongo, ile ya siku mbili kisha jua, waliotoka wanakufa lakini waliobaki ndani wako salama. Mfugaji yeyote wa Kiborana anaielewa hesabu hii bila kwenda shule: hauweki mifugo yote mahali pamoja, wengine ni warra nyumbani, wengine ni fora mbali. Mayai mengine huweza kukaa zaidi ya mwaka mmoja. Tukikumbuka kiangazi cha kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mapema 2023, misimu 5 mfululizo bila mvua ya maana, tunaona kwa nini yai linahitaji uvumilivu huo.

Huko Ujerumani, katika miji ya Jena na Cologne, maprofesa wanamfuga ndugu yake mmoja aliyetoka Zimbabwe ili kuchunguza uzee. Kwa kuwa anazaliwa, anazeeka na kufa kwa miezi michache, mtafiti haongojei miaka mingi. Kasamaki ka matope kanamsomesha profesa!

Jaribio la beseni

Kikundi au shule inaweza kujua dimbwi lake lina nini bila gharama. Waambieni kwanza wazee wa dedha na kamati ya hifadhi, maana udongo ule ni mali ya wote. Wakati wa Bona, silanga ikiwa imekauka kabisa, nendeni katikati penye kina, penye udongo mweusi unaopasuka. Choteni udongo wa juu tu, usizidi kina cha kiganja, ujaze kopo moja la kilo 2. Uwekeni kwenye beseni pana kivulini, mmwage maji ya mvua polepole asubuhi kukiwa na baridi, kina cha upana wa mkono. Maji yenye klorini yakae wazi siku 2 kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi chumvi msitumie.

Tazameni siku hiyo na kesho yake. Mtaona vitu vingi: vijidudu vya kuruka ruka, vikamba vidogo vinavyoogelea chali. Samaki akiwepo, mtamtambua kama kijiti chembamba sana chenye macho mawili. Msipoona, kausheni udongo ule, ukae mwezi mmoja, mjaribu tena. Nimeshaeleza kwa nini.

Wakifugwa nyumbani, ndoo pana ya lita 20 inatosha dume 1 na majike 2 au 3. Kabla ya kuchukua samaki dimbwini ongeeni na afisa wa uvuvi wa kaunti na KWS, na mkiruhusiwa chukueni wachache. Funikeni kwa wavu, maana huruka nje, na wavu huo unazuia mbu na mikono ya watoto. Kila wiki badilisheni theluthi ya maji. Chakula chao ni kilicho hai: viluwiluwi wa mbu, tena wanawapenda sana. Ugali wasipewe, utaozesha maji.

Wakitaka kutaga, zamisheni bakuli lenye mchanga laini uliooshwa. Mchanga uwe mdogo kuliko matundu ya chujio la chai, kwa maana baada ya wiki mtauchuja: mchanga unapita, mayai yanabaki. Wekeni mayai kwenye nyuzi za kumbi la nazi au udongo wa majani, uliokamuliwa mpaka uwe na unyevu wa tumbaku, mtie katika mfuko wa plastiki, mwandike tarehe, mfunge, uwekwe gizani penye joto la kawaida. Baada ya miezi 2 au 3 anzeni kuchungulia. Macho meusi yakionekana ndani ya yai, ni tayari kumwagiwa maji. Watoto wachanga wanahitaji vijidudu vidogo sana, kama vile vya maji ya kijani kutoka dimbwini yaliyochujwa kwa kitambaa. Hapo ndipo wengi hufa, kwa njaa.

Na pesa je?

Lazima niseme ukweli. Atakayekuja kuwaambia kwamba samaki hawa watawatajirisha, mwangalieni kwa makini. Huko Ulaya wapenzi wa samaki hubadilishana mayai haya kwa bahasha ya posta, na mtu akishapata mayai mara moja anazalisha mwenyewe, harudi kununua. Lakini tusijidharau pia. Mgeni akija na wavu na chupa, hana ruhusa kuchukua tu kwa sababu ni "visamaki." Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zinataka apate kibali cha NEMA, na kabla ya hapo aonyeshe kwamba wenyeji wameelezwa na wamekubali, na kwamba faida itagawanywa. Mwulizeni karatasi. Mwandikieni jina lake kwenye kitabu cha mikutano. Msiweke sahihi siku ile ile.

Juu ya mbu, rudini kwenye swali la mwanzo. Gapi akitiwa kwenye dimbwi la msimu, atakula watoto wa mwenyeji, kisha dimbwi likikauka atakufa yeye pia, na msimu ujao mbu watarudi kama kawaida. Mafuriko yakija kabla halijakauka, atachukuliwa mpaka Ewaso Nyiro, na huko hakuna wa kumtoa. Mwenyeji anakula viluwiluwi bure na anajirudisha mwenyewe kila mvua. Chandarua kiendelee kutumika hata hivyo. Samaki hamalizi malaria.

Jambo gumu ni kufukua silanga. Mifugo na watu wanahitaji maji, na siwezi kumwambia mama anayetembea kilomita nyingi na punda kwamba asichimbe kwa ajili ya samaki. Ila dimbwi lisilokauka halimfai samaki huyu, na kambale akiingia humo anammaliza. Ninalopendekeza ni kuchagua: lile linalofukuliwa lifukuliwe sawasawa, na lingine la karibu, lenye udongo mweusi, liachwe na kina chake. Na bomba la dawa ya kupe lisioshewe dimbwini kamwe. Dawa ile inaua hata yai, na ng'ombe wenu wanakunywa maji hayo hayo.

Ya kujadili katika kikundi

Madimbwi ya eneo letu ni mangapi, na ni yapi hukauka kila mwaka? Wazee wanakumbuka kuona samaki katika lipi, na waliwaona mwisho lini? Nani amewahi kutia samaki wa kutoka mbali kwenye silanga yetu, na wako wapi sasa? Pampu za dawa zinaoshewa wapi siku ya kuosha mifugo? Nani ataleta kopo la udongo Bona hii, na beseni litakaa kwa nani?